Usimuuze Kuku Anayenyonyoka Manyoya

Umeamka asubuhi. Umefungua mlango wa banda wanamolala kuku. Wanatoka mmoja mmoja, wanaingia kibanjani na kuanza kuchakura nyasi chini ya migomba. Wa mwisho kutoka ni yule kuku wako mwekundu, aliyekulelea vifaranga tisa. Unamtazama, unashtuka. Shingo yake ni tupu. Kifua kina mabaka. Mkia umepungua. Ndani ya banda manyoya yametapakaa kana kwamba kicheche aliingia usiku. Tena unakumbuka kwamba tangu juma lililopita hajataga hata yai moja.

Utafanya nini?

Wengi wetu katika vijiji vya Bukoba na Muleba hufanya moja ya mambo mawili. Wengine humchinja siku ile ile. Husema, "Huo ni mdondo, tumle kabla hajafa." Wengine humfunga miguu na kumpeleka gulioni. Mchuuzi huona ile shingo tupu, hutikisa kichwa, na kutaja bei ya kutupa. Mwenye kuku hukubali, maana naye anaogopa kurudi nyumbani na mzoga.

Mimi nimefanya kosa hilo. Nilipokuwa kijana, mama alikwenda msibani Kamachumu akakaa juma zima. Aliniachia kuku wake sita. Mmoja akaanza kunyonyoka manyoya. Nikamchinja. Nilipokuwa namnyonyoa nilipata taabu kubwa, kwa sababu ngozi yake ilikuwa imejaa vijiti vidogo vyeusi vilivyokataa kutoka, na vingine vilitoa damu. Nilipompasua, maini yalikuwa mazuri na matumbo yalikuwa safi. Hakuwa na ugonjwa wo wote. Mama aliporudi alikwenda nyuma ya nyumba, akayatazama yale manyoya, kisha akaniambia, "Mwanangu, umekula kuku aliyekuwa anabadili nguo."

Katika somo hili tutaona jinsi ndege anavyobadili nguo. Tutaona pia jinsi ya kumtambua kuku anayebadili manyoya na kuku mgonjwa. Hilo ndilo litakalokuokolea kuku wako.

Nyoya ni kitu gani?

Okota nyoya moja refu la kuku ulitazame. Katikati lina mti. Pande mbili lina nyuzi nyembamba zilizoshikana. Zitenganishe kwa kidole, kisha zipitishe tena kati ya vidole viwili. Utaona zinashikana kama mwanzo. Kuku hufanya kazi hiyo kwa mdomo wake kila siku anapojisafisha.

Nyoya limetengenezwa kwa kitu kile kile kinachotengeneza kucha zako na nywele zako. Linapoota ngozini, huwa na damu ndani yake. Likishafikia urefu wake, damu hukauka. Tangu siku hiyo nyoya ni kitu kisicho na uhai, kama kucha. Halioti tena na haliponi. Likikatika, hubaki limekatika.

Sasa fikiri juu ya shati lako la shambani. Jua linalichoma, mvua inalilowesha, mibuni inalikwaruza. Baada ya muda linachakaa, hata ukilifua namna gani. Manyoya nayo ni hivyo hivyo. Kuku mwenye manyoya yaliyochakaa hupata baridi upesi, na mvua hupenya mpaka kwenye ngozi. Ndege wa porini ana shida zaidi: asiporuka vizuri hatapata chakula, na mwewe atamkamata. Kwa hiyo ndege wote, wakubwa kwa wadogo, huangusha manyoya ya zamani na kuotesha mapya.

Hapa pana jambo moja la manufaa kwa wenye kuku wanaoruka ua na kula mboga za jirani. Ukikata manyoya ya bawa moja kwa mkasi, kuku hataruka. Lakini akinyonyoka, vile vipande ulivyokata vitaanguka na mapya yataota. Ataruka tena. Ndiyo maana watu hushangaa wakasema, "Nilimkata mabawa huyu, mbona yuko juu ya paa?" Utamkata tena, lakini subiri manyoya mapya yakomae. Ukikata nyoya changa lenye damu, kuku ataumia na kutoka damu nyingi.

Kwa nini anaacha kutaga?

Nyoya ni karibu lote protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Yai nalo lina protini nyingi. Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula hawezi kupata protini ya kutosha kwa kazi zote mbili. Kwa hiyo mwili wake huacha kazi moja ili ufanye nyingine. Huacha kutaga, huotesha manyoya, kisha hurudi kutaga.

Asipotaga, kile kishungi chake chekundu cha kichwani hupungua na kupauka. Hili ndilo huwadanganya watu. Wanaona shingo tupu, kishungi kimepauka, mayai hakuna. Wanasema kuku amekwisha. Kumbe anapumzika na kujitengeneza upya.

Kazi hiyo huchukua kwa kawaida miezi miwili mpaka minne. Mara nyingi manyoya huanza kuanguka kichwani na shingoni, kisha kifuani na mgongoni, kisha kwenye mabawa na mkia. Hayaangushwi yote kwa siku moja.

Ni mwezi gani?

Katika nchi za mbali kaskazini, kama Uingereza, jambo hili lina majira yake. Huko urefu wa mchana hubadilika sana. Mjini London, mwezi wa Juni mchana una saa zaidi ya 16, na mwezi wa Desemba una saa 8 tu. Siku zinapoanza kuwa fupi, kuku wa huko huanza kunyonyoka, karibu wote pamoja.

Sisi tuko karibu na mstari wa Ikweta. Mjini Bukoba jua linachomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Kwa hiyo kuku wetu hawana mwezi mmoja wa kunyonyoka. Kila mmoja ana wakati wake. Mara nyingi ni baada ya kutaga kwa muda mrefu, au baada ya kuatamia na kulea vifaranga. Tena kuku aliyepata shida kubwa, kama kukosa maji na chakula kwa siku kadhaa, anaweza kunyonyoka kabla ya wakati wake. Hata ukimwona mmoja tu ananyonyoka na wengine watano wana manyoya mazuri, hilo peke yake si dalili ya ugonjwa.

Na vifaranga je? Hao hubadili manyoya mara kadhaa kabla ya kukua. Yale manyoya laini aliyotoka nayo kwenye yai huanza kubadilika katika majuma ya kwanza. Ukiona kifaranga amekuwa na sura ya ovyo ovyo, nusu laini nusu magumu, huyo anakua.

Namna ya kumtambua

Mkamate kuku jioni, akiwa ametulia. Mshike polepole. Pulizia pumzi kwenye shingo na kifua ili manyoya yafunguke, kisha tazama ngozi.

Ukiona vijiti vidogo vinachomoza kwenye ngozi, kama ncha za sindano, hayo ni manyoya mapya. Huyo anabadili manyoya. Macho yake yatakuwa maangavu. Anakula. Anatembea. Anaweza kuwa mpole kuliko kawaida na kukaa mbali na wenzake, kwa sababu vile vijiti vina damu na vinamwuma vikiguswa. Usimshikeshike bila sababu, na wakataze watoto kumfukuza.

Ukiona ngozi imekuwa nyekundu, ina magaga, hakuna vijiti vipya, tafuta wadudu. Fungua manyoya karibu na mkundu na chini ya mabawa. Chawa wa kuku hukimbia kimbia kwenye ngozi, na mayai yao hushikamana kwenye mashina ya manyoya. Utitiri ni wadogo sana, wengine hukaa kwenye nyufa za banda mchana na kuja kunyonya damu usiku. Ingia bandani usiku na tochi, utazame kwenye nyufa na kwenye miti wanayolalia. Kuku wenye wadudu huhitaji dawa, na banda huhitaji kusafishwa. Mwulize mtaalamu wa mifugo dawa inayofaa na kipimo chake. Dawa ya kunyunyizia kahawa si dawa ya kuku, usiitumie.

Ukiona mgongo peke yake ndio mtupu, na mahali pengine manyoya ni mazima, mtazame jogoo. Ni yeye anayempanda mara nyingi. Na kuku anayejiandaa kuatamia hupoteza manyoya ya kifuani, ili ngozi yake yenye joto iguse mayai. Hayo mawili si ugonjwa.

Sasa mdondo. Mdondo hauangushi manyoya. Kuku mwenye mdondo husinzia, hukohoa na kuhema kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani, na huenda akapooza miguu au mabawa au kupinda shingo. Halafu hafi peke yake. Leo wawili, kesho watano, na jirani naye analia. Ukiona hivyo usiuze kuku wala usiwagawie ndugu, maana utausambaza ugonjwa kijiji kizima. Mwite mtaalamu wa mifugo. Wafukie waliokufa. Kinga ya mdondo ni chanjo, na chanjo ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku akishaugua, hakuna dawa ya kumponya.

Ukikuta ndege wengi wa porini wamekufa pamoja, ziwani au kijijini, hao hawakufa kwa kubadili manyoya. Usiwaguse. Mwezi wa Januari 2017 mafua ya ndege yaliua ndege wa porini ufukweni mwa Ziwa Viktoria karibu na Entebbe, Uganda, na yalipatikana pia Masaka, ambako si mbali na mpaka wetu. Toa habari kwa uongozi wa kijiji mara moja.

Hesabu ya bawa

Hapa ndipo hesabu uliyojifunza darasani itakufaa.

Kunjua bawa la kuku wako. Utaona manyoya marefu ya namna mbili: yale ya upande wa mwili, na yale ya upande wa ncha. Katikati yao lipo moja fupi. Anza hapo penye lile fupi, hesabu kwenda kwenye ncha. Utapata manyoya marefu 10. Kuku anapobadili manyoya ya bawa, la kwanza kuanguka ni lile lililo karibu na lile fupi. Kisha linalofuata, mpaka la mwisho kwenye ncha.

Nyoya moja huchukua kama majuma 6 kufikia urefu wake.

Kuku mmoja anaangusha nyoya moja kila baada ya majuma 2. Nyoya lake la kumi litaanguka juma la 18. Ongeza majuma 6 ya kuota. Atamaliza juma la 24, karibu miezi sita! Kuku mwingine anaangusha manyoya 4 pamoja, baada ya majuma 2 anaangusha 3, na baada ya majuma 2 mengine anaangusha 3 yaliyobaki. La mwisho limeanguka juma la 4. Ongeza 6. Huyu amemaliza juma la 10.

Ni yupi bora? Yule wa pili, ingawa sura yake ni mbaya zaidi. Atarudi kutaga mapema. Wafugaji wamejua jambo hili kwa muda mrefu: kuku mtagaji mzuri kwa kawaida huchelewa kuanza kunyonyoka, na akianza hunyonyoka haraka. Yule anayenyonyoka kidogo kidogo, ambaye hutambui hata kama anabadili manyoya, mara nyingi ndiye mvivu wa kutaga. Na sisi tunafanya kinyume. Tunamuuza yule aliyebaki uchi, tunamweka yule mwenye manyoya mazuri!

Chakula chake

Kuku huyu anataka protini. Sisi wa kando ya ziwa tuna bahati. Dagaa wa Ziwa Viktoria, hata wale vipande vipande waliobaki chini ya gunia, ni chakula kizuri. Wape dagaa waliokaushwa bila chumvi. Samaki wa chumvi humdhuru kuku. Mchwa na kumbikumbi ni wazuri pia. Fukua kichuguu kidogo karibu na kibanja, kuku watafanya kazi iliyobaki. Maharage yawe yamepikwa, kwa sababu mabichi yana sumu. Na wakati wa senene, Novemba na Desemba, mnapokaa jioni kuchambua, yale mabawa na miguu msiyatupe mbali. Hata hivyo najua kuku wenu hawasubiri kuitwa.

Maganda ya ndizi peke yake hayatoshi. Hujaza tumbo, lakini hayajengi nyoya.

Mpe maji safi kila siku. Mpe mahali pakavu pa kulala. Kwetu mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka, na kuku asiye na manyoya akilowa usiku anaweza kufa kwa baridi. Hapo mtu atasema, "Si nilikuambia alikuwa mgonjwa?" Weka pia mavumbi makavu na majivu kidogo pembeni mwa banda ili ajigaregareze. Hiyo ndiyo njia yake ya kupunguza wadudu.

Ndege wengine wa nyumbani

Ukishajua kumtazama kuku, tazama juu.

Wale kwera wa manjano wanaochana majani ya migomba yetu ili wafume viota unawajua vizuri, na pengine umewatukana. Dume wa kwera huvaa manjano na nyeusi wakati wa kuzaa. Wakati huo ukipita hunyonyoka na kuvaa manyoya yaliyofifia, akafanana na jike. Watoto husema madume yamehama. Fumbwe naye ni hivyo. Ni yule ndege mdogo wa rweya mwenye mkia mrefu mweusi kuliko mwili wake. Huo mkia ni wa wakati wa kuzaa tu. Ukimkuta wakati mwingine, mfupi na wa kahawia, hutamtambua.

Mtazame mwewe anayezunguka juu ya soko. Mara nyingine utaona pengo kwenye bawa la kulia, na pengo kama hilo mahali pale pale kwenye bawa la kushoto. Huangusha moja huku na moja kule, asije akapinda upande mmoja hewani. Lakini mabata bukini wa ziwani hawana subira hiyo. Huangusha manyoya yote ya kurukia kwa mara moja, na kwa majuma kadhaa hawawezi kuruka kabisa. Hukaa karibu na maji, na hatari ikija hukimbilia majini.

Mimi hupenda zaidi mbayuwayu. Wale wanaokuja kutoka Ulaya hufika kwetu Septemba na Oktoba, na huondoka Machi na Aprili. Hawazai hapa. Wamekuja kula, na wamekuja kubadili manyoya. Watazame mwezi wa Desemba wamepanga mstari kwenye waya wa umeme. Mwingine ana mkia mfupi, mwingine ana upande mmoja tu wa ule mkia wa panda. Wanakula wadudu wa kwetu, wakiwamo wale wadogo wanaopaa ziwani kama moshi. Kufika Machi mkia umekamilika. Ndipo hurudi safari ya maelfu ya maili, na mabawa yanayowapeleka yameota huku Afrika.

Daftari la kuku

Chukua daftari lako la darasani. Katika ukurasa wa mwisho chora mistari minne ya kwenda chini, upate nafasi tano. Katika nafasi ya kwanza andika kuku yupi: mwekundu, mweusi, madoa. Katika ya pili andika tarehe alipoanza kunyonyoka. Katika ya tatu andika, kila baada ya majuma mawili, manyoya mangapi ya bawa yameanguka. Katika ya nne andika tarehe alipotaga yai la kwanza baada ya hapo. Ya tano iache wazi kwa mambo mengine, kama chanjo.

Mwaka ukiisha utakuwa na habari ambazo mchuuzi hana. Akija na kutikisa kichwa mbele ya yule kuku mwekundu, fungua daftari usome. Labda utaona kwamba mwaka jana alinyonyoka Juni, akamaliza Agosti, na Septemba alikuwa ameatamia mayai kumi na moja.